Machimbo ya changarawe kwenye malisho ya bonde la Mbwemkuru: kabla kijiji hakijagonga mhuri, kina cha maji kipimwe

MPIMA VISIMA (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Naleta uzi huu kwa ajili ya ndugu zetu wa kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi, kando ya mto Mbwemkuru, ambao wameombwa waridhie machimbo ya changarawe ndani ya eneo walilolitenga kwa malisho. Kijiji sitakitaja, wala mwombaji sitamtaja, kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea. Kazi yangu ni kupima na kuchimba visima, na nilicho nacho cha kusema ni kimoja: katika bonde lile changarawe ndiyo inayohifadhi maji ya kiangazi. Kwa hiyo swali ambalo mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuanza nalo ni hili: mwezi wa Oktoba maji yako mita ngapi chini ya ardhi? Idadi ya hekta za nyasi zitakazopotea ije baadaye.

Niseme mapema kwamba sipingi uchimbaji. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na kila aliyekuwa na mgonjwa au mzigo njiani siku zile anajua thamani ya tuta lililojazwa vizuri na kushindiliwa. Barabara zetu zinahitaji changarawe, nyumba zetu zinahitaji zege, na vijana wanahitaji kazi. Ninalolitetea ni kwamba changarawe ipo ya aina zaidi ya moja katika bonde lile lile, na kuchagua vibaya kati yake ni kuwanyang'anya watu maji bila hata wao kujua.

Tuanze na miamba. Upande wa magharibi, kuanzia Masasi, Nachingwea na Ruangwa, iko miamba migumu ya kale, ile inayojitokeza kama vilima vya mawe ukiingia Masasi mjini, na ambayo kule Ruangwa imebeba madini ya kinywe (grafiti). Kadiri unavyoelekea baharini, miamba hiyo inazama chini ya matabaka ya baadaye: mawe ya mchanga kama ya nyanda za juu za Makonde na Rondo, na karibu na pwani udongo mzito wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu, unaoonekana maeneo mengi kati ya Lindi na Kilwa. Mto unapotoka magharibi unabeba vipande vya ile miamba migumu. Njiani madini laini yanasagika na kuwa tope, na kinachofika bondeni kikiwa bado jiwe ni hasa kwatzi, mawe meupe magumu yaliyoviringishwa na maji mpaka kona zake zikaisha. Hiyo ndiyo changarawe ya mto.

Mto haukupita mahali pamoja tangu zamani. Uliwahi kutiririka juu zaidi, ukaacha changarawe yake, kisha ukachimba na kushuka. Ndiyo maana pembezoni mwa bonde unakuta matuta ya changarawe ya kale, makavu, yenye udongo mwekundu katikati ya mawe, yakiwa mita kadhaa juu ya mkondo wa sasa. Chini yake kuna uwanda wa bonde wenyewe, wenye changarawe ya karibuni, safi, isiyo na udongo mwingi. Mchimbaji anapenda ya chini kwa sababu haihitaji kuoshwa sana, na mfugaji anaipenda kwa sababu ndiyo yenye maji. Mgogoro wote uko hapo.

Shimo la majaribio likichimbwa kwenye uwanda huo huwa linaonyesha hivi. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi, kina cha kiganja hadi shubiri mbili. Unafuata mchanga wa kahawia unaomomonyoka ukiuparura kwa kidole. Kisha inaanza changarawe yenyewe, mawe mengi yakiwa na ukubwa wa yai la kuku, yamelala kwa kuinama upande mmoja kama yalivyosukumwa na mafuriko ya kale. Ukizidi kushuka, ukuta unaanza kung'aa kwa unyevu, halafu maji yanachuruzika kutoka pande zote na kujaa miguuni. Chini kabisa, beleshi linagonga kitu kinachonata na kisichopitisha maji: ule mfinyanzi wa kijivu. Mfinyanzi huo ndio sakafu ya tangi. Maji ya mvua za Novemba hadi Aprili yanazama kupita changarawe, yanakutana na sakafu hiyo, na yanakaa pale.

Yanakaa kiasi gani? Chukua hekta moja yenye changarawe iliyolowa kwa unene wa mita 2. Hizo ni mita za ujazo 20,000 za mawe na maji. Changarawe ya namna hii huachia maji ya takriban sehemu moja ya tano ya ujazo wake inapokamuliwa na kisima, yaani mita za ujazo 4,000. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hunywa wastani wa lita 30 kwa siku za joto. Kundi la ng'ombe 500 linahitaji mita za ujazo 15 kwa siku, na kwa kiangazi cha siku 180 linahitaji 2,700. Hekta moja tu ya changarawe iliyolowa inaweza kulinywesha kundi hilo kiangazi kizima na maji yakabaki. Hesabu hii sijaiona katika taarifa yoyote ya mradi wa machimbo niliyopata kuisoma. Zote huhesabu nyasi.

Nyasi nazo huhesabiwa vibaya. Ukichukua wastani wa hekta 3 kwa ng'ombe mmoja, machimbo ya hekta 20 yataonekana yanaondoa malisho ya ng'ombe wasiofika 7, na mtu atasema hilo ni jambo dogo. Wastani huo, hata hivyo, unajumlisha vilima ambavyo Agosti vimeshakauka au vimeungua moto. Uwanda wa bonde, kwa sababu mizizi ya nyasi zake inafikia unyevu, ndio unaobaki na kijani Septemba na Oktoba, na mifugo yote ya kijiji huishi hapo katika miezi hiyo. Hekta moja ya bondeni haipimwi kwa kipimo cha hekta moja ya mlimani.

Karibuni kwa maswali, na hasa wale mnaoishi huko.


MFUGAJI WA BONDENI

Asante sana kaka kwa maelezo haya. Sisi ni miongoni mwa waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 tukaletwa Lindi, na tangu tufike tunanywesha kwenye visima tunavyochimba kwa mikono mchangani. Mwezi wa sita unachota ukiwa umepiga magoti. Ikifika mwezi wa kumi, kijana mmoja anakuwa ndani ya shimo, wa pili amesimama kwenye kingo, wanapeana ndoo hadi kwenye birika. Kwa hiyo unaposema changarawe ni ghala la maji, sisi hatuhitaji kushawishiwa.

Ninaloliuliza ni hili. Mwombaji ametuambia kwamba akimaliza kuchimba, mashimo yatajaa maji na yatakuwa malambo yetu ya kunyweshea, na wazee wengine wamelipokea kama zawadi. Je, tukubali?


MPIMA VISIMA

Ndugu yangu, ahadi hiyo inavutia, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Maji yaliyo ndani ya changarawe yamefunikwa na udongo na mchanga, na jua haliyafikii kirahisi. Ukiondoa kifuniko hicho unayaweka wazi. Katika joto letu la kiangazi, maji ya wazi hupoteza milimita 5 au zaidi kwa siku kwa kugeuka mvuke. Kwenye shimo la hekta moja hizo ni mita za ujazo 50 kila siku, zaidi ya mara tatu ya mahitaji ya ng'ombe wako 500. Na maji hayo hayatoki ndani ya shimo peke yake, kwa kuwa kadiri shimo linavyopungua, changarawe ya pembeni inaendelea kulijaza, mpaka visima vyenu vya mikono vilivyo jirani vinashuka pamoja nalo. Mtaona lambo limejaa Julai na mtashangilia, halafu Oktoba kijana wenu atalazimika kuchimba chini zaidi kuliko miaka yote, au atagonga mfinyanzi.

Kuna hatari ya pili. Kingo za machimbo ya changarawe huwa wima na hazishikani, na ng'ombe aliyechoka kwa kiu akisogea ukingoni anaporomoka nao. Watoto pia. Na maji yaliyotuama yenye majani pembeni ni makazi ya mbu na ya konokono wa kichocho. Lambo la kweli hujengwa juu ya udongo usiopitisha maji, na birika lake huwekwa nje ya uzio ili mifugo isiingie ndani. Mkitaka lambo, liandikeni kwenye makubaliano kama kazi inayojitegemea, lijengwe kwenye mfinyanzi, mbali na changarawe, kabla tipa la kwanza halijapakia.


DEREVA WA TIPA

Heshima yako mkuu. Mimi naishi kwa kubeba mchanga na changarawe, na nyumbani wananitegemea. Nakusoma kwa makini, lakini vijana wa kijiji hicho watauliza: basi tufanye kazi wapi? Mwombaji hawezi kuleta kijiko (mtambo wa kuchimbia) na chekecheo kwa ajili ya kilima chenye mawe yaliyochanganyika na udongo.


MPIMA VISIMA

Kaka, swali lako ni la haki na linastahili namba.

Chukua tuta moja la kale lenye changarawe ya unene wa mita 3 juu ya kiwango cha maji. Hekta moja yake ni mita za ujazo 30,000. Changarawe ikichimbuliwa inaumuka, kwa makadirio ya asilimia 12, kwa hiyo utapakia karibu mita za ujazo 33,600, ambazo kwa tipa la mita za ujazo 15 ni safari zaidi ya 2,200. Kwa upande wa barabara, tabaka moja la upana wa mita 9 na unene wa sentimita 15 linatumia mita za ujazo 1,350 kwa kilomita. Hekta moja ya tuta, bila kugusa tone la maji ya bondeni, inaweza kutandika tabaka la kilomita zaidi ya 20. Kazi ipo.

Kuhusu udongo katikati ya mawe: kwa tabaka za chini za barabara, udongo kiasi hauharibu kitu, na mara nyingi unasaidia changarawe kushikana inaposhindiliwa, mradi maabara ithibitishe kwamba haunywi maji na kuvimba. Kwa zege ndiyo, itabidi ichekechwe na kuoshwa, na maji ya kuoshea yapitie mabwawa ya kutulizia tope badala ya kurudishwa mtoni yakiwa mekundu. Na kwa tabaka la lami lenyewe, mawe ya mto yaliyoviringika hayafai sana kwa hali yoyote, kwa kuwa hayashikani. Panatakiwa kokoto zilizopasuliwa zenye kona kali, na hizo zinatoka kwenye miamba migumu ya magharibi niliyoitaja. Kwa hiyo changarawe safi ya bondeni si ya lazima kama inavyosemwa. Ni rahisi tu kwa mchimbaji, na gharama ya urahisi huo inabebwa na mtu mwingine.


MTU WA TANDAHIMBA

Naomba kuchangia kwa ufupi kutoka Mtwara. Kwetu juu ya nyanda za Makonde tuna mashimo mengi ya moramu yaliyoachwa wazi baada ya kazi za barabara, na hatujaona visima kukauka kwa sababu yake. Je, hofu hii haijakuzwa?


MPIMA VISIMA

Mzee wangu, kwenu jiolojia ni nyingine. Juu ya Makonde mchanga na mawe ya mchanga yanapitisha maji mpaka chini sana, ndiyo maana Newala na Tandahimba zimetegemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka visima vya mabondeni kama Mitema. Shimo la moramu la mita 3 kule haliwezi kugusa maji. Hasara yake ni ya namna nyingine: udongo wa juu uliosukumwa kando na kupotea, na korongo linaloanzia kwenye shimo na kutembea kuelekea mikorosho ya mtu. Kwa hiyo uzoefu wa Tandahimba ni wa kweli, lakini hauhamishiki Mbwemkuru, ambako mfinyanzi uko karibu na tangi ni la kina kifupi.


MJUMBE WA HALMASHAURI YA KIJIJI

Shikamoni wakubwa. Mimi ni mjumbe katika kijiji cha jirani chenye maombi kama hayo. Tumeambiwa kwamba leseni zimeshatolewa Dodoma, ni leseni ndogo kadhaa zinazopakana, na kwamba kijiji hakina tena la kusema, kwa sababu madini ni mali ya Serikali. Tunaambiwa pia tufurahi kwa kuwa mapato yatakuja. Naomba ufafanuzi.


MPIMA VISIMA

Marahaba mjumbe. Mimi si mwanasheria, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya anapaswa kuusoma mkataba wenu, lakini mambo kadhaa yako wazi.

Ni kweli kwamba madini yako chini ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na leseni inatolewa na Tume ya Madini. Leseni, hata hivyo, ni haki ya kuchimba madini, na haimgeuzi mwenye nayo kuwa mwenye ardhi. Ardhi ya juu inaendelea kusimamiwa na kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yenyewe inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba, mashamba yaliyolimwa, na majosho au maji ya mifugo, na inamwachia mkaaji haki ya kuendelea kulisha mifugo kwenye eneo la leseni pale ambapo hazuii uchimbaji. Ikifika mahali mwekezaji anataka ardhi ya kijiji ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu, mjumbe, sio halmashauri ya kijiji peke yake wala mwenyekiti na mtendaji. Kama eneo lenu la malisho limo katika mpango wa matumizi ya ardhi, shikeni nakala ya mpango na muhtasari wa mkutano ulioupitisha, na kama wafugaji wana hati ya kimila ya pamoja, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuwekwa mezani.

Kuhusu leseni ndogo zinazopakana, hapo nawaomba msimame imara. Kila moja ikitazamwa peke yake inaonekana haina athari kubwa, kumbe zote zinachota kwenye tangi moja. Dai kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo msingi wake, izitazame kwa pamoja. Sheria hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mwombaji atawaambia kwamba yeye yuko mita 80 au 100, hivyo ametimiza sheria. Atakuwa sahihi kuhusu mita, lakini changarawe yenye maji haikomi kwenye mita 60. Peleka suala hilo Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ndiyo yenye dhamana ya maji ya chini ya ardhi katika eneo letu.

Mapato nitayapitia haraka. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ndogo ya mauzo, unalipwa kwa halmashauri ya wilaya, na haushuki wenyewe hadi kijijini. Kitakachobaki kijijini ni kile tu kilichoandikwa kwenye makubaliano yenu.

Jambo moja la pembeni, lakini kwa Lindi ni la msingi. Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na kusafirisha zaidi ya tani 200 kwenda Berlin, iko karibu na bonde hili hili la Mbwemkuru. Andikeni kwamba mfanyakazi akikuta mfupa uliogeuka jiwe, kijiko kinasimama na taarifa inatolewa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Tulishapoteza vya kutosha.


MFUGAJI WA BONDENI

Kaka, hatuna fedha za kumleta mtaalamu. Sisi wenyewe tunaweza kupima?


MPIMA VISIMA

Mnaweza, na kipimo chenu kitaheshimiwa kama kimeandikwa vizuri. Chagueni sehemu tatu au nne kwenye mstari mmoja, kutoka kingo za mto hadi kwenye tuta la kale. Chimbeni kwa mkono mpaka maji, mkikinga kuta kwa mbao au magogo, na asiwepo mtu shimoni peke yake. Tumbukizeni bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa matundu chini, jazeni changarawe pembeni, fukieni, acheni kichwa kitokeze nusu mita na kifunikwe. Mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya mifugo kunywa, shusheni kamba yenye uzito na muandike kwenye daftari tarehe na kina. Daftari likae ofisi ya kijiji na mwakilishi wa mwombaji aalikwe kushuhudia, ili baadaye asilikatae.

Mkishajua maji ya Aprili yanapanda hadi wapi na ya Oktoba yanashuka hadi wapi, sharti la kuandika ni jepesi: hakuna kuchimba chini ya kiwango cha juu cha maji ya Aprili pamoja na akiba ya mita moja juu yake. Udongo wa juu uondolewe kwanza, uwekwe kwenye lundo lisilozidi mita 2 kwenda juu ili mbegu za nyasi na vijidudu vyake visife kwa kukosa hewa, na urudishwe kila kipande kinapomalizika badala ya kungoja mwisho wa leseni. Kingo zilazwe kwa mteremko wa mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Mifugo isiingie kwenye kipande kilichorudishiwa udongo mpaka nyasi zikae misimu miwili ya mvua.


MJUMBE WA HALMASHAURI YA KIJIJI

Tumepokea. Mkutano mkuu wetu ulipangwa kufanyika mwezi ujao. Nitamwomba mwenyekiti usogezwe mbele mpaka tupate vipimo vya Oktoba, na hoja hiyo niiwasilishe kwa maandishi.


MPIMA VISIMA

Iwasilishe kwa maandishi, na uombe iingizwe kwenye muhtasari hata kama itakataliwa. Ombeni pia ramani ya mwombaji yenye alama za pembe za kila leseni, mtembee nazo ardhini pamoja na wafugaji, muone ni pembe zipi ziko juu ya tuta na zipi zimeshuka bondeni. Mkiniletea picha ya ramani hiyo na vipimo vya kamba hapa kwenye uzi, nitawachorea mkato wa bonde unaoonyesha tuta, uwanda, kiwango cha maji na mfinyanzi, muubandike ukutani siku ya mkutano.